Dhamana Iko Wazi: Siku 37 na Ofisi ya Msaada wa Sheria, Dodoma

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibakiza nitaieleza huko mbele, na sehemu yake kubwa ni ya simu. Ila niseme mapema kwamba ofisi hii haikunitoza hata shilingi mia, na shilingi mia mimi naijua vizuri: ndiyo bei ya kopi moja dukani kwangu.

Nina steshenari hapa Dodoma mjini, hatua chache kutoka mahakamani. Mwaka wa saba huu. Mashine moja ya kopi, printa moja yenye kwikwi, benchi la wateja, na vumbi ambalo nimeshaacha kushindana nalo. Wateja wangu wakubwa si wanafunzi. Ni wadhamini. Nawajua kabla hawajafungua mdomo. Wanakuja saa mbili asubuhi siku ya Jumanne wamevaa nguo za Jumapili, wameshika kitambulisho cha NIDA kwa vidole viwili kama kitu cha kuazima, wanauliza, "Dada, unatoa mbele na nyuma?" Mbele na nyuma, barua ya serikali ya mtaa, picha za pasipoti, bahasha ya kaki, halafu wanaondoka mbio kwa sababu karani amewaambia warudi kabla ya saa tatu. Miaka yote hiyo nilidhani najua dhamana ni kitu gani. Kumbe nilikuwa najua kopi tu.

Nimejua dhamana mwaka huu, kwa mtoto wa kaka yangu.

Kaka alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo kijana ni wangu, shangazi ndiye baba. Alitoka kwao Bahi akiwa na begi moja na nusu gunia la mchele, akapata vibarua vya ujenzi upande wa Mtumba, kule Mji wa Serikali. Wakawa wanalala saiti yeye na wenzake wawili, kulinda vifaa. Siku moja asubuhi waya za umeme hazipo. Thamani iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka ni shilingi 1,860,000. Wakabebwa wote watatu, Ijumaa jioni.

Sheria inasema mtu akikamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wa kwetu walifikishwa Jumanne. Kituo sikitaji, na sitaki maneno.

Jumanne hiyo nilifunga duka, nikaenda kusikiliza. Kosa ni wizi, linadhaminika. Masharti: kila mshtakiwa awe na wadhamini wawili, kila mdhamini asaini bondi ya shilingi milioni moja, na mmoja wao awe mtumishi wa umma mwenye kitambulisho cha kazi na barua ya mwajiri. Hakimu akasema lile neno wanalolisema kila siku, "Dhamana iko wazi," akafunga jalada, akaita kesi nyingine. Mdhamini wa kwanza ni mimi. Biashara ninayo, leseni ninayo, mwenyekiti wa mtaa ananijua. Mtumishi wa umma je?

Sasa cheka kidogo. Hii ni Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku, watumishi wa umma wako kila mahali: kwenye foleni ya mahindi ya kuchoma, kwenye bajaji za Kisasa, kanisani benchi la mbele. Ninawapigia kopi za uhamisho, za mikopo, za vyeti vya watoto wao. Nilianza kuwahesabu wale ninaoweza kuwaendea, nikafika kumi na moja. Wa kwanza akaniambia, "Dada, huyo kijana mimi simjui." Kweli, hamjui. Wa pili alikuwa mwalimu, akanieleza kwa upole kwamba kijana akiruka dhamana, ile milioni wataidai kwake mwalimu, na mshahara wake tayari una mikopo miwili. Wa tatu alikubali, lakini mwajiri wake akachukua siku tisa kuandika barua ya mistari minne, na ilipotoka jina la kijana lilikuwa limekosewa. Nikaacha kuhesabu.

Wale wenzake wawili walitoka wiki hiyohiyo. Shtaka lilelile, saiti ileile, waya zilezile. Mmoja ana shemeji mwalimu wa sekondari, mwingine dada yake ni muuguzi. Wa kwangu akapanda karandinga, lile gari la mahabusu. Tofauti kati ya aliyelala kwake na aliyelala gerezani ilikuwa shemeji.

Nilifanya ujinga mmoja, na nausema ili usiufanye. Nje ya mahakama yoyote hapa nchini hawakosekani vishoka, matapeli wanaojifanya wanaweza kukusaidia kesi. Wangu alikuwa na tai na mkoba, na kwa aibu yangu alikuwa mteja wangu, kila siku anapiga kopi kwangu. Akaniambia "ataongea na watu." Nikampa 150,000 kwa awamu mbili. Tarehe ya pili ikafika, siku ya kumi na nne, shahidi wa mashtaka hakuja, kesi ikaahirishwa siku nyingine kumi na nne, na kishoka simu yake ikawa haipatikani. Siku hiyo nilitoa kopi za watu huku machozi yanadondokea kwenye kioo cha mashine. Mteja mmoja, mzee wa Kongwa aliyekuwa anafuatilia kesi ya ng'ombe, akaniuliza, "Mwanangu, wewe unakaa hapa kila siku, hujui wale wa msaada wa sheria?"

Sikuwajua. Ofisi iko umbali wa kutembea kutoka kwangu.

Hapo ndipo penye kosa lao la kwanza. Ofisi haikuwa na kibao cha maana. Kulikuwa na karatasi, kalamu ya wino mwekundu, jua limeshaukula. Unaingia kichochoroni, unapita fundi cherehani na mama anayeuza ubuyu, unakuta mlango wa kijani. Ndani ni vyumba viwili. Viti vya plastiki, ndoo ya maji yenye kikombe kimoja, daftari kubwa la wageni, na ukutani wamebandika ibara ya 13 ya Katiba, pale inapokataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba kweli ana hatia. Niliisoma mara tatu nikisubiri zamu yangu. Nilisubiri saa mbili na nusu. Mbele yangu kulikuwa na watu wa mirathi, wa viwanja viwili vilivyouzwa kwa mtu mmoja, na mama mmoja wa talaka aliyekuja na mashahidi wake wote, pamoja na mama mkwe.

Aliyenihudumia ni mama wa makamo, msaidizi wa kisheria. Si wakili, na alinieleza hilo kabla hata sijakaa vizuri. Kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017: wanasajiliwa, wanaelimisha, wanaelekeza, wanasaidia kuandika, na hawatozi. Kusimama mahakamani kumwakilisha mtu hawaruhusiwi. "Kwa hiyo, mama, nikikuambia njoo na hela ya kitu fulani, ujue mimi ni tapeli," akasema. Nikajikuta nimemsimulia habari za kishoka. Hakunicheka. Akauliza tu alivaa tai ya rangi gani, halafu akaandika kitu kwenye daftari.

Maswali yake yalikuwa mafupi. Namba ya kesi? Mahakama gani? Tarehe ijayo lini? Masharti ya dhamana ni yapi, neno kwa neno? La mwisho ndilo lililonishinda. Nilijua "wadhamini wawili na mtumishi." Hakuridhika. Akaenda masjala mwenyewe siku hiyohiyo kuomba kuona mwenendo wa kesi, akarudi na masharti kamili kwenye karatasi. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria: "Kijana mwenyewe anajua kwamba ana dhamana?"

Nikamwambia anajuaje asijue, alikuwa kizimbani.

"Tutaona Jumatano."

Jumatano ndiyo siku yao ya gerezani. Sheria hiyo ya 2017 imeweka utaratibu wa watu walio kizuizini nao kufikiwa na msaada wa kisheria, na wao wana ruhusa ya kuingia, wanakaa na mahabusu uani, chini ya mti. Haya ninayoyaeleza sasa alinisimulia kijana mwenyewe baadaye, maana mimi siku za kumwona zilikuwa za mwisho wa wiki, dakika chache, nikiwa na sabuni na dawa ya meno, huku kila mtu anapiga kelele ili ndugu yake asikie.

Anasema yule mama aliwauliza mahabusu wote waliokaa pale: "Nani kati yenu ana dhamana?" Wakanyosha mkono wachache. Akauliza: "Nani aliambiwa na hakimu dhamana iko wazi?" Ikanyooshwa mikono mingi kuliko ile ya kwanza, na wa kwangu akiwemo.

Maana yake ni kwamba unaruhusiwa kutoka ukitimiza masharti. Yeye alikuwa ameelewa hivi: dhamana iko wazi kama nafasi ya kazi iko wazi, yaani bado haijajazwa, haijapangwa, subiri utaitwa. Alikuwa anasubiri kuitwa. Siku 22 amekaa mle akingoja mtu aje kumpangia dhamana yake. Na hakuwa peke yake. Mzee mmoja wa Chemba alidhani "iko wazi" maana yake ni tupu, hakuna kitu. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na mimi nilishangilia maana kopi za Kiingereza zilikuwa zinanitesa mwenyewe. Sikujua kwamba hata Kiswahili chenyewe, ukikisikia ukiwa kizimbani miguu inatetemeka, kinaweza kugeuka.

Baada ya hapo wakafanya maigizo. Nilidhani kijana ananitania. Mmoja akawa hakimu, kakalia ndoo iliyopinduliwa. Mmoja karani. Mmoja mshtakiwa. Wa kwangu akapewa uendesha mashtaka, akasimama akasema, "Mheshimiwa, shahidi hajafika, tunaomba tarehe nyingine," uwanja mzima ukaangua kicheko hadi afande mlangoni. Kisha yule mama akamfundisha mshtakiwa la kusema hapo: nyosha mkono, subiri upewe nafasi, mwite hakimu Mheshimiwa, omba upunguziwe masharti ya dhamana, toa sababu moja, kaa kimya. Walirudia mpaka kila mtu akalisema. Nilipomuuliza yule mama alikotoa wazo hilo, akaniambia wasaidizi wa kisheria wa Malawi ndio waliotangulia, walianza kuingia magerezani mwaka 2000 na maigizo yao, na mwaka 2004 watu wa nchi nyingi za Afrika wakakutana Lilongwe wakatoa azimio kwamba msaada wa kisheria katika kesi za jinai si kazi ya mawakili peke yao. Mawakili hawatoshi, na wachache waliopo wamekaa mijini.

Kuhusu hali ya mle ndani sitasema mengi. Wanalala ubavu. Mmoja akitaka kugeuka, mstari mzima unageuka. Kijana alirudi na upele na kikohozi, na tabia ya kukunja miguu hata kwenye godoro la peke yake.

Kuna mwanafunzi wa sheria wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anayekuja kuchapa utafiti wake kwangu. Sasa nasoma ninachochapa, zamani sikuwa nasoma. Anaandika kwamba magereza yote ya nchi hii yana nafasi ya watu kama 30,000, kwamba kwa miaka mingi waliomo wamezidi idadi hiyo, na kwamba mahabusu, yaani watu ambao hakuna hakimu aliyewatia hatiani, wamekuwa wakikaribia nusu yao. Mara nyingi tukizungumzia msongamano tunataka majengo mapya au msamaha wa Rais siku ya Muungano. Msamaha ni wa waliofungwa. Mahabusu haumgusi, maana utamsameheje mtu ambaye hujasema kakosa? Yeye dawa yake ni barua ya mwajiri, kopi ya kitambulisho, na mtu wa kumweleza maana ya neno "wazi."

Ofisi hii haina miujiza. Siku ya kwanza nilikaa na mama mmoja ambaye mume wake ana kesi ya mauaji. Huyo hana dhamana kabisa. Makosa ya namna hiyo, pamoja na uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine kadhaa, sheria imeyafungia mlango moja kwa moja. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachoyanyima dhamana makosa hayo kinapingana na Katiba, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kikabaki. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa ili watu wasifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yakaachwa nje ya utaratibu huo, kwa hiyo mama yule bado anausikia ule wimbo wa "upelelezi haujakamilika." Anakuja kutoka wilayani kila baada ya wiki mbili kusikia sentensi hiyo moja, nauli ya kwenda na kurudi. Msaidizi wa kisheria alimwambia ukweli: dhamana hapana, ila kesi ikifika Mahakama Kuu mume wako atapangiwa wakili bila malipo, na kwa sasa tunaweza kuandika barua kuulizia upelelezi umefikia wapi. Yule mama alishukuru kana kwamba amepewa kitu kikubwa. Akaniambia, "Angalau huyu hakunidanganya." Kwa huduma ya aina hii, mimi hilo peke yake nalipatia nyota moja.

Turudi kwetu. Siku ya ishirini na nane ndiyo ilikuwa tarehe. Barua ya kuomba masharti yapunguzwe imeandikwa, wakili wao wa kujitolea amekuja, mimi nimefunga duka, mdogo wangu ametoka Bahi na basi la alfajiri. Karandinga halikuja. Saa nne, saa tano, karani akatoka akasema gari lina hitilafu, mahabusu wote wa leo tarehe nyingine. Hakimu alitaka mshtakiwa awepo, akapanga siku tisa mbele. Mdogo wangu akanunua nyanya sokoni Majengo ili safari isiwe bure, akarudi zake.

Siku ya thelathini na saba karandinga lilikuja. Na wakili hakuja, alikuwa Mahakama Kuu kwa mteja anayemlipa. Nilitaka kuzimia. Msaidizi wa kisheria alikaa benchi la nyuma, hana ruhusa ya kusema neno. Kesi ikaitwa. Shahidi kaja? Hajaja. Mwendesha mashtaka akaomba tarehe. Hapo kijana wangu, ambaye nyumbani ukimwuliza kama ameshiba anajibu kwa kutikisa kichwa, akanyosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba kupunguziwa masharti ya dhamana. Ndugu zangu ni wakulima, hatuna mtumishi wa umma. Shangazi yangu yupo na baba yangu mdogo yupo."

Akanyamaza. Kama alivyofundishwa.

Hakimu akamwangalia, akauliza upande wa mashtaka kama wana pingamizi. Hawakuwa nalo. Akafuta sharti la mtumishi, akaweka mkazi yeyote wa mkoa mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Dakika nne, nilitazama saa. Siku 37 gerezani, na kilichomtoa kimechukua dakika nne.

Kisha zikaja zile ngwe ndogondogo ambazo ndizo huwaacha watu ndani hata baada ya hakimu kusema ndiyo. Mdogo wangu hana kadi ya NIDA, ana namba tu imeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane. Karani akasita. Msaidizi wa kisheria akauliza kama kadi ya mpiga kura itafaa pamoja na hiyo namba, ikafaa. Barua ya mtendaji wa kijiji ilikuwa haina picha iliyogongwa muhuri. Picha tukapiga kwangu, mbio, na muhuri tukaupata kwa kumtuma bodaboda Bahi na kurudi. Hapo msaidizi wa kisheria alisaidia kwa namna ambayo haimo kwenye fomu yoyote: aliongea na mdogo wangu Kigogo. Yule alikuwa ameshaanza kuogopa, anadhani kila swali la karani ni mtego na yeye ndiye atakayefuata kuwekwa ndani. Alipomsikia mama anamwambia "Mbukwa" na kumweleza taratibu bondi ni nini na inambana kwa lipi, akatulia, akasaini. Saini yenyewe ni jina lote, herufi kubwa, ilichukua muda kuliko uamuzi wa hakimu.

Saa kumi na robo kijana alitoka mlango wa nyuma wa mahakama. Tukampeleka kula. Aliagiza ugali wa uwele na mlenda, akala mara mbili, halafu akauliza kama anaweza kulala.

Sasa ile nyota moja.

Simu hawapokei. Namba iliyoandikwa mlangoni inaita mpaka inakata, na ukituma ujumbe unajibiwa kesho kutwa. Mtu anayetoka Mpwapwa au Kondoa hawezi kupanda basi kwa kubahatisha kama watakuwepo. Wasaidizi wa kisheria ni wawili, wakili anakuja mara moja kwa wiki kama hajapata kazi ya kulipwa, na umeona mwenyewe kilichotokea. Foleni hawaitengi. Mtu ambaye ndugu yake analala ubavu anasubiri nyuma ya ugomvi wa mpaka wa shamba ambao umekuwepo tangu enzi za vijiji vya ujamaa na utakuwepo mwakani. Niliwaambia hili uso kwa uso, wakakubali, wakasema watafikiria. Fomu yao ya kuonyesha kwamba huna uwezo wa kulipa wakili ina kurasa nne na inauliza mifugo yako imechanganuliwa kwa aina. Nilijaza kuku.

Jingine: mtu wenu akishatoka, wao wanahama. Wanaelekeza nguvu kwa waliobaki ndani, na ninaelewa, lakini kesi ya kijana bado iko hai, waya bado zinadaiwa, na siku ya ushahidi atahitaji mtu wa kumsaidia kuhoji. Nilipoenda kuuliza nikaambiwa wakili "akipata nafasi." Niliambiwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba ufadhili wa mradi wa gerezani unakaribia kwisha. Mwaka 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilipoanza, nilitoa kopi za vipeperushi vyake kwa mafungu, mahema yalijaa watu, na ilikuwa vizuri. Hema huja likaondoka. Karandinga ni kila wiki.

Kama una ndugu ndani, nenda ukiwa na namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe, hata kama vimeandikwa kiganjani. Kama unataka barua ya serikali ya mtaa, ukiombwa "elfu tano ya wino" omba risiti. Mimi niliombwa, nikaomba risiti, wino ukapatikana bure. Na muulize ndugu yako yeye mwenyewe, siku ya kumwona, alimwelewaje hakimu.

Kishoka amerudi kupiga kopi, ametafuta tai nyingine. Siku hizi bei yake kwangu ni mia tano kwa ukurasa na analipa. Amebakiza kama 140,000 kwa hesabu yangu.

Kijana yuko dukani na mimi, ndiye anayeshika mashine. Ukija na kitambulisho chako cha NIDA atakuuliza, "Unamdhamini nani, na masharti wamekusomea?" kabla hajakuuliza mbele na nyuma. Wengine wanakasirika. Wasaidizi wa kisheria wametuachia fomu zao hapa kaunta ili watu wajaze kabla ya kwenda, na kijana amewachorea kibao kipya kwa kalamu nene, cheusi juu ya njano, kinaonekana tangu kwa fundi cherehani. Wanafungua saa mbili na nusu asubuhi. Jumatano msiende, wako gerezani.